Pete mbili za ukili: shajara ya kufua pete zetu za ndoa

4 Januari: kinachotakiwa

Pete mbili. Ya mchumba wangu ya dhahabu, yangu ya fedha, na zote zimezungukwa na msuko wa ukili, ule ule unaoshonewa mikeka. Msuko ufunge mduara na mtu asiweze kuonyesha ulipoanzia wala ulipoishia. Yangu ni ya fedha kwa sababu dhahabu haimfai mwanamume wa Kiislamu kuivaa, na fedha imeruhusiwa. Hilo peke yake limeufanya mradi kuwa miradi miwili, maana dhahabu na fedha haziyeyuki kwa joto moja, hazilingani uzito wala hazizeeki namna moja.

Nimepita kwa masonara hapa Unguja, wa Mji Mkongwe na wa Darajani. Kazi nzuri ipo, hasa ya bangili na mikufu, lakini pete za ndoa karibu zote ni zile zile: duara laini, duara lenye kijiwe, duara lenye mioyo miwili. Nyingi huletwa zikiwa tayari. Mchumba wangu ni mtu wa Wete, Pemba, na kwao kila mwanamke anasuka. Mama yake ndiye aliyesuka na kushona mkeka tutakaoukalia. Siwezi kumvisha mtoto wa nyumba ile moyo uliochorwa na mtu asiyemjua.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba, kwa hiyo mchoro ni wangu. Kufua ni kwa sonara.

9 Januari: vidole

Tumepimwa kwa shada la pete za chuma. Kidole si kitu cha kupima mara moja ukaondoka. Asubuhi kabla ya jua hupungua, na jioni ya kaskazi, joto likiwa limeshika, huvimba hadi pete iliyopita asubuhi ikwame kwenye kifundo. Tumepima nyakati mbalimbali na kuchukua kipimo cha kidole kilichotulia. Jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi dukani: pete pana hubana kuliko nyembamba ya kipimo hicho hicho, kwa kuwa inashika nyama nyingi zaidi. Yangu ni pana, nikaiongezea kidogo.

Yake: kipenyo cha ndani milimita 16.5, upana 5, unene 1.8. Yangu: kipenyo cha ndani milimita 19.8, upana 6, unene 2.

15 Januari: hesabu ya msuko

Hapa ndipo nilipopasubiri. Ukili wa mkeka una ncha mbili, na mshonaji anajua pa kuzificha. Pete haina pa kuficha. Chane, yaani ule ukanda mwembamba wa jani unaosukwa, ikipita juu ya mwenzake lazima ifuatwe na inayopita chini, na mwendo huo ufike ulikoanzia ukiwa haujavunjika. Kwa hiyo idadi ya mipishano kuzunguka pete lazima iwe kamili, tena iwe shufwa. Ukiweka 21, pale mduara unapofunga chane mbili za juu zitakutana, na jicho la msusi litaliona hilo kabla hajakaa kitako.

Kipenyo cha nje cha pete yake ni 16.5 na unene wa pande mbili, yaani 20.1, na mzingo wake ni milimita 63.1. Nimeigawa kwa mipishano 20, kila mmoja milimita 3.16. Yangu kipenyo cha nje ni 23.8, mzingo 74.8. Nimeigawa kwa 24, kila mmoja 3.12. Tofauti ya mpishano wa pete moja na wa nyingine haifiki unene wa unywele. Zikiwekwa pamoja zitaonekana zimekatwa kwenye ukili mmoja, na hilo ndilo nililokuwa nikilitafuta tangu mwanzo. Sikutarajia vipimo vya vidole vyetu viwili vitalikubali kwa urahisi hivi.

Nimechora mistari ya karatasi kwa vipimo hivyo na kuizungusha kwenye vijiti nilivyochongesha kwa seremala. Inafunga.

20 Januari: sonara, na masharti

Karakana ya kwanza niliyokwenda walitaka kukadiria dhahabu kwa jicho, na nilipoomba mizani igeuzwe upande wangu hawakupenda. Niliondoka.

Sasa nimempata mzee anayefua mwenyewe, yuko kwenye uchochoro, dirisha lake dogo halina hata pete ya kuonyesha. Nilimwonyesha mchoro na nikamuuliza kwa nini tusisuke waya wa dhahabu kweli kweli.

“Waya unasukika, mwanangu, na wapo wanaousuka,” alisema. “Lakini mkeo atakanda unga. Unga utaingia kwenye kila tundu, na pale waya unapopanda juu ya mwenzake ndipo unapolika. Na siku kidole kikinenepa, utaikatia wapi pete ya kusuka?”

Kwa hiyo ni kusubu. Unatengeneza pete ya nta, unaizungushia jasi laini ndani ya kopo la chuma, jasi ikishika unaichoma tanurini hadi nta itoke yote, kisha unamimina madini kwenye nafasi ile. Mchongo wote uko kwenye nta. Kinachoonekana kwenye nta ndicho kitakachotoka, na kisichoonekana hakitazuka chenyewe.

Masharti tumeyasema mdomoni na nikayaandika kwenye daftari, naye akayasoma. Dhahabu itapimwa mbele yangu kabla ya kuyeyushwa na baada ya kusubiwa. Kipande cha mfereji, yaani madini yanayoganda kwenye njia ya kuingilia, ni changu. Unga wa tupa utafagiwa kwenye ngozi iliyotandikwa chini ya meza na kupimwa, na tumekubaliana mapema kiasi kinachoweza kupotea. Ujira ni wa pete, si wa gramu. Hili la mwisho nawasihi wote wanaopeleka dhahabu yao kwa sonara walizungumze kwanza. Sonara anayelipwa kwa gramu hana sababu ya kukuambia kwamba pete yako inaweza kuwa nyembamba.

27 Januari: dhahabu itoke wapi

Rafiki yangu wa Mwanza alinishauri nitafute dhahabu mbichi ya wachimbaji wadogo wa Geita. Nimeliacha. Dhahabu ya mgodini huwa na fedha na vitu vingine ndani yake, lazima isafishwe kwanza, na tangu mwaka 2019 biashara yake Bara inapita kwenye masoko ya madini kwa watu wenye leseni. Si ya mtu anayetaka pete moja.

Mama yangu ametoa bangili. Aliivaa kwenye harusi yake, na wakati nilipokuwa shule iliwahi kuwekwa rehani ikakombolewa. Alisema ameivaa vya kutosha. Nilimwomba aiweke kwanza siku chache, afikiri. Akaniambia amefikiri tangu nilipomleta mchumba nyumbani.

Hakuna aliyejua ni ya karati ngapi, yaani ina usafi wa kiasi gani, chapa imefutika. Bangili si ya bomba, ni nzito na imejaa, kwa hiyo inapimika kwa maji. Mizani yangu inasoma mpaka sehemu ya mia ya gramu. Bangili kavu: gramu 11.50, karibu sawa na tola moja, ambayo ni 11.66. Kisha nikaweka gilasi ya maji juu ya mizani, nikairudisha sifuri, nikaining'iniza bangili kwa uzi hadi ikazama yote bila kugusa chini wala kingo. Mizani ikaonyesha 0.65. Huo ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa 11.50 kwa 0.65, unapata 17.7. Dhahabu safi ni 19.3, fedha 10.5, na karati 22 iko hapo hapo kwenye 17.7. Angalia vipovu vya hewa vinavyoshika kwenye nakshi, vinadanganya. Nilivisukuma kwa brashi.

Mzee naye aliisugua kwenye jiwe lake jeusi, akasugua kando yake sindano ya karati inayojulikana, akadondoshea tindikali. Mistari miwili ikafifia sawasawa. Ishirini na mbili.

30 Januari: karati

Watu wetu wanapenda 22, na wajomba zangu walioko Maskati hawatambui kitu chini ya 21. Kwa bangili wana haki: rangi ni nzuri, na siku ya shida inauzika. Lakini pete ya ndoa haivuliwi, na msuko wangu una migongo midogo iliyoinuka. Karati 22 ina sehemu 916 za dhahabu katika 1,000, ni laini, na migongo ile italala kwa miaka michache ya ndoo, funguo na milango ya daladala. Karati 18 ina sehemu 750, zilizobaki ni fedha na shaba, na shaba ndiyo inayoleta ugumu. Karati 9 nayo ipo lakini dhahabu ndani yake ni 375 tu, na hiyo sikuitaka kabisa kwa bangili ya mama.

Tumechagua 18. Hesabu yake: gramu 11.50 za karati 22 zina dhahabu safi gramu 10.53. Gawa kwa 0.75, unapata 14.05. Yaani tunaongeza gramu 2.55 za fedha na shaba, nusu kwa nusu ili rangi ibaki ya manjano. Shaba ikizidi inaelekea wekundu, fedha ikizidi inapauka.

Jiwe hatutaweka. Shemeji alitaka tanzanaiti, na kweli hakuna jiwe lenye fahari ya nyumbani kama lile, linatoka Mererani peke yake duniani kote. Lakini kwenye kipimo cha Mohs ugumu wake uko kati ya 6 na 7, na mchanga uliomo kwenye vumbi ni 7. Kwenye hereni litaishi, kwenye kidole kinachofanya kazi litachubuka. Spineli nyekundu ya Mahenge ina ugumu wa 8, hiyo ingefaa. Mchumba wangu akamaliza mjadala: anataka ukili uonekane, na jiwe litauziba.

8 Februari: Wete

Nimekwenda kupata kielelezo. Nilichora msuko kutoka kwenye mkeka, lakini mchoro haujui unene. Nilitaka kujua chane inapinda vipi inapopanda juu ya mwenzake, na kwenye mkeka wa kawaida chane ni pana kiasi kwamba pete ya milimita 5 haitoshi hata mbili.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kindu zilizokaushwa, nyeupe, akazilowesha, akaanza kuzichana kwa sindano ya kushonea. Upande wa kucha ya dole gumba, upande wa sindano, na jani moja likatoka chane nyembamba zisizofika milimita moja na nusu. Nyingi zilikatika. Hakusema lolote kuhusu zilizokatika, alizisukuma pembeni kwa mguu. Alipopata za kutosha akasuka ukili ambao sijawahi kuuona, mwembamba kama utepe wa nguo ya mtoto, urefu wa shubiri mbili. Kila baada ya mipishano michache aliubonyeza kwa ukucha ili usilegee.

“Usiuchore umekaza hivi kila mahali,” aliniambia. “Ukili ukikazwa sana hukakamaa. Angalia hapa kwenye ukingo, chane inageuka, haikatiki.”

Kwenye mchoro wangu ukingo ulikuwa umekatwa tu, kana kwamba msuko umepunguzwa kwa mkasi. Yeye ameonyesha chane ikifika ukingoni, inajikunja na kurudi ndani kwa mteremko. Pete imebadilika hapo. Sasa kingo zake zote mbili zitakuwa na mikunjo hiyo, na kwa bahati nzuri mkunjo wa mviringo ni mzuri kwa vidole vya jirani kuliko ukingo mkali.

16 Februari: jaribio la kindu

Mzee alikuwa na wazo ambalo sikulitegemea: kwa nini tusiusubu ukili wenyewe? Jani linaungua kama nta. Tukazungusha kipande cha ukili wa mama mkwe kwenye kijiti, tukakipaka nta nyembamba kwa ndani, tukakitia kwenye jasi, tukakichoma na kumimina fedha.

Kilichotoka kinashangaza. Kwenye sehemu moja unaona mishipa ya jani, mistari myembamba kuliko ambavyo patasi yoyote ingeichonga. Lakini nta ikiungua vizuri haiachi kitu, na jani huacha majivu. Majivu yalikaa kwenye kona za msuko, na kila yalipokaa fedha ina shimo. Tulijaribu kuyapuliza kabla ya kumimina, hayakutoka yote.

Si pete, lakini ni kielelezo cha fedha cha mkono wa mama mkwe. Nimekiweka mezani na ndicho nitakachokitazama ninapochonga.

25 Februari: nta

Nta ya masonara si ya mshumaa. Ni ngumu, inakatwa kwa msumeno, inapigwa tupa na kuchongwa kwa visu vidogo, na inauzwa kama bomba lenye tundu. Ya kijani ni ngumu kuliko zote na inashika kona kali, ya buluu ni laini na inavumilia kupindwa. Nimetumia ya kijani.

Mistari niliipiga kwanza kwa sindano kufuata karatasi iliyogundishwa juu, kisha nikatoa karatasi. Kazi ni kuteremsha pale chane inapopita chini na kuacha pale inapopita juu, halafu kuiviringisha migongo ili isiwe matofali. Mwanga uwe wa upande. Mwanga wa juu unakuonyesha mistari lakini hauonyeshi kina. Nimechonga usiku, taa nimeilaza mezani, na vumbi la nta nimelifagia kwa brashi ya rangi.

Nta inakuambia uzito wa pete kabla hujagusa dhahabu. Zidisha uzito wa nta kwa 16 na kidogo, unapata uzito kwa karati 18. Kwa fedha ya 925, yaani yenye sehemu 925 za fedha katika 1,000, zidisha kwa 11 hivi. Nta ya pete yake imesimama gramu 0.48, kwa hiyo dhahabu itakuwa karibu 7.8 kabla ya tupa. Yangu ni 0.76, fedha 8.3.

6 Machi: jaribio la fedha

Hatukutaka kujaribu kwa dhahabu ya mama. Mzee alichukua kalibu ya mpira ya pete ya mchumba wangu, akatoa nta ya pili, akaisubu kwa fedha.

Tumejifunza mambo mawili. La kwanza, mistari ya kina cha milimita 0.3 iliyoonekana wazi kwenye nta karibu imetoweka baada ya tupa, msasa na kung'arisha. Kung'arisha ni kula madini, na kunaanza na migongo. Kina sasa kitakuwa 0.6 pale chane zinapoachana, na chini yake bado itabaki milimita 1.2 ya madini, inatosha kwa pete kutopinda.

La pili, vijitundu kama vya sindano ndani ya pete. Fedha ikiyeyuka hunywa hewa ya oksijeni na inapoganda huitema, na penye kutoka hubaki tundu. Mzee amesema kwa pete yangu atafunika fedha kwa mkaa na kuupunguzia moto hewa.

Nimerudi kwenye nta. Mfereji pia tumeuhamisha. Awali ulikuwa umeshikwa juu ya msuko, na mahali pa kuukata palilazimu kuchongwa upya. Sasa unashika kwa ndani, penye ulaini mtupu.

19 Machi: siku ya dhahabu

Mama alikuja. Mzee alimpa kiti, akaiweka bangili kwenye mizani, akaigeuza tuone: 11.50. Akamuuliza kama anataka kuigusa mara ya mwisho. Mama akasema, “Ifanye kazi yako, baba.”

Kopo la jasi lilikuwa tanurini tangu alfajiri. Linapandishwa polepole, maana nta ikichemka ghafla inapasua kuta, hadi linapita nyuzi 700 na mdomo wake unakuwa mwekundu bila moshi. Kisha linateremshwa kidogo. Likiwa la moto mno dhahabu inaganda vibaya, likiwa la baridi inaganda njiani kabla haijafika kwenye kona za msuko.

Bangili ilikatwa vipande kwa mkasi wa chuma na kutiwa kwenye chungu kidogo cheupe pamoja na fedha na shaba iliyopimwa na chembe za boraksi. Dhahabu safi inayeyuka kwa nyuzi 1,064, shaba kwa 1,085, fedha kwa 962, lakini zikichanganyika hivi zinayeyuka mapema kuliko dhahabu peke yake. Kwanza vipande vinakuwa vyekundu, kingo zinalegea, halafu vyote vinaporomoka na kuwa tone moja linalozunguka lenyewe. Mzee alilikoroga kwa kijiti cha kaboni na kulimimina kuwa mche mfupi. Aliusugua kwenye jiwe, akaridhika, akauyeyusha tena. Aliyeyusha mara mbili kusudi mchanganyiko uwe sawa kila mahali. Nililipenda hilo, kwa kuwa angeweza kuliruka na nisingejua.

Mashine ya kusubia ni mkono wa chuma wenye springi. Kopo linakaa nyuma ya chungu, mkono umevutwa na kufungwa kwa pini. Dhahabu ilipokuwa iking'aa kama kioo alitoa pini, mkono ukazunguka kwa kishindo, na dhahabu ikatupwa ndani ya jasi kabla sijapepesa. Kazi ya miezi imepita hapo kwa muda wa pumzi moja.

Wekundu ulipokwisha aliliingiza kopo ndooni. Maji yalifoka, jasi ikamomonyoka, na tukatoa kitu cheusi chenye shina. Kwenye tindikali hafifu ya vuguvugu weusi uliondoka. Mipishano yote 20 ipo. Mikunjo ya kingo imejaa. Kwa lenzi nimetafuta vijitundu na sijaviona.

Mizani: jumla gramu 13.97. Pete baada ya kukatwa 7.80, mfereji 6.15.

Pete yangu ya fedha ilisubiwa jioni ile ile, chini ya mkaa. Safi.

28 Machi: tupa, msasa, yai

Ndani ya pete ni lazima pawe pa mviringo kidogo, si bapa, ndipo kidole kinapumua na pete inapita kwenye kifundo. Mzee alifanya tupa, mimi nikafanya msasa kwa ruhusa yake: 400, 800, 1,200, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia kwa kusugua upande mwingine. Kwenye mabonde ya msuko tulitumia uzi uliopakwa dawa ya kung'arishia, unapitishwa kwenye bonde na kuvutwa mbele na nyuma. Gurudumu hatukuligusisha migongoni ila mwishoni, kidogo.

Dhahabu inatosha na kivuli chake. Kina cha 0.6 kinaonekana hata chumbani. Fedha ilihitaji msaada, inang'aa kote hadi msuko unapotea. Masonara wana dawa za kuitia weusi, lakini salfa iliyomo kwenye yai inatosha. Nilichemsha yai mpaka likakauka kiini, nikalikata likiwa moto, nikalitia kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na pete bila kugusana. Kwanza ilipata manjano, kisha kahawia, na nilipoamka ilikuwa kijivu cheusi. Nikasugua migongo kwa kitambaa, mabonde nikayaacha. Sasa ukili unasomeka kutoka upande wa pili wa meza.

Chapa zimepigwa kwa ndani, 750 kwenye yake na 925 kwenye yangu. Karibu na chapa mzee amechonga majina, la kwangu kwenye pete yake na la kwake kwenye yangu, kwa herufi za Kiarabu alivyofundishwa na baba yake.

2 Aprili: uzito wa mwisho

Pete yake gramu 7.12. Yangu 7.64. Unga wa dhahabu uliokusanywa kwenye ngozi 0.61, kwa hiyo kilichopotea ni kidogo kuliko tulichokubaliana, na mzee aliniandikia kila kitu kwenye karatasi.

Wanaoniuliza bei: bei ya dhahabu duniani inatajwa kwa aunsi ya gramu 31.1 ya dhahabu safi. Chukua bei ya siku hiyo, gawa kwa 31.1, zidisha kwa 0.75, na una bei ya gramu moja ya karati 18 kabla ya ujira. Nenda dukani ukiwa na namba hiyo kichwani. Sisi tulilipa ujira, jasi, fedha na shaba tu.

Zote mbili zimejaribiwa asubuhi na jioni na zinapita kifundo kwa kubanwa kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Mama mkwe amepelekewa picha. Amezihesabu chane na kusema ukingo uko sawa.

Kipande cha mfereji, gramu 6.15 za karati 18, na ule unga nimemrudishia mama. Ameamua zifuliwe hereni. Nilimchorea za ukili, amezikataa. Anataka vipini vya duara laini, vya aina aliyokuwa nayo usichanani, na mzee ataanza wiki ijayo.